Istilahi za Biashara na Uendelevu wa Mazingira: Taaluma Mbili Katika Shahada Moja

UTANGULIZI

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa biashara na mwanafunzi wa mazingira wamekuwa wakisoma katika majengo tofauti, kwa walimu tofauti na, jambo linalotuhusu zaidi sisi wa lugha, kwa msamiati tofauti. Mmoja alifunzwa mtaji, mizania, uchakavu na faida. Mwingine alifunzwa udongo, misitu, vyanzo vya maji na uchafuzi. Walipokutana kazini, aghalabu walikutana kama mshitaki na mshitakiwa.

Miaka ya karibuni vyuo vikuu kadhaa duniani vimeamua kuziweka taaluma hizi mbili katika mtaala mmoja. Yafaa tutaje mifano miwili, kwa kuwa inaonyesha njia mbili zilizo tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, taasisi iliyoundwa mwaka 1996 huwaongoza wanafunzi wasome kwa pamoja katika shule ya biashara na katika shule ya mazingira. Baada ya miaka ipatayo mitatu mwanafunzi hutunukiwa shahada mbili za uzamili, kila moja na shule yake. Katika Chuo Kikuu cha Leuphana, mjini Lüneburg, Ujerumani, njia iliyofuatwa ni nyingine: mwaka 2003 ilianzishwa shahada moja ya uzamili ya uendeshaji wa biashara ambayo ndani yake uendelevu ndio somo lenyewe, na mwaka 2010 chuo hicho kikaunda kitivo kizima cha uendelevu.

Makala hii haikusudii kupima ipi kati ya njia hizo ni bora. Kusudi lake ni kuchunguza maneno ambayo taaluma hii mpya inayahitaji katika Kiswahili. Pengine msomaji atauliza: kuna haja gani, ikiwa masomo ya chuo kikuu katika nchi zetu hutolewa zaidi kwa Kiingereza? Jibu ni kwamba mhitimu hafanyi kazi darasani. Atasimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza tathmini ya athari kwa mazingira, jambo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalidai kabla ya miradi mingi kuanza. Ataandika mkataba wa uvunaji wa mbao utakaotiwa sahihi na wazee wasiojua lugha nyingine. Neno moja lenye maana mbili katika mkataba wa namna hiyo laweza kukigharimu kijiji msitu wake.

1. UCHUMI NA KUCHUMA

Tuanze na neno tulilolizoea mno hata hatulitazami tena. Uchumi umetokana na kitenzi kuchuma, yaani kutungua tunda, jani au ua kutoka katika mmea, na kwa kupanua maana, kupata mali. Lugha za Ulaya zilikopa neno lao la uchumi kutoka Kigiriki, ambako lilihusu utunzaji wa nyumba. Na neno hilohilo la nyumba ndilo mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Haeckel, alilolitumia mwaka 1866 kuunda jina la ekolojia. Kwa hiyo huko uchumi na ekolojia ni ndugu wa tumbo moja.

Katika Kiswahili undugu huo hauonekani katika umbo la maneno, lakini umo katika maana. Mwenye kuchuma huacha mti umesimama. Anayeukata mti ili apate matunda yake hachumi, ameangamiza. Mwalimu wa taaluma hii mpya akianzia hapo, hatahitaji kueleza kwa maneno mengi kwa nini mfanyabiashara anapaswa kujifunza habari za misitu na maji.

2. ENDELEVU: NINI KINACHOENDELEA?

Neno lililo moyo wa taaluma hii ni uendelevu. Kiumbo halina kasoro. Kutokana na tulia tuna tulivu, kutokana na sikia tuna sikivu, kutokana na vumilia tuna vumilivu. Vivyo hivyo endelea ikazaa endelevu, yaani chenye sifa ya kuendelea, na kutokana na sifa hiyo tukapata nomino uendelevu. Tatizo limo katika kitenzi chenyewe, kwani endelea ina maana mbili. Ya kwanza ni kusonga mbele na kuwa bora kuliko hapo awali: nchi imeendelea. Ya pili ni kudumu bila kukoma: mvua inaendelea. Tunaposema maendeleo endelevu, shina ni lilelile mara mbili, lakini nomino imechukua maana ya kwanza na kivumishi maana ya pili. Wapo wanaoyacheka maneno hayo wakidhani ni kurudia jambo moja. Sivyo, maana yake ni kusonga mbele kusikokoma.

Dhana hiyo ilienea duniani mwaka 1987, wakati Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, chini ya uenyekiti wa Gro Harlem Brundtland wa Norwei, ilipotoa ripoti yake. Kwa ufupi, tume ilieleza kuwa maendeleo ya namna hiyo ni yale yanayokidhi haja za watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kukidhi zao. Lakini asili yake ni ya kale zaidi, tena ni ya kibiashara. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa machimbo ya madini huko Freiberg, Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya upandaji wa miti. Machimbo na matanuri ya kuyeyushia madini yalikuwa yakila kuni na magogo kupita kiasi, naye aliona kwamba misitu ikiisha, machimbo nayo yatafungwa. Akashauri misitu itumiwe kwa namna ya kudumu, na miti ipandwe na kutunzwa ili isipungue. Kwa hakika wazo la uendelevu lilizaliwa katika ofisi ya mtu wa hesabu aliyehofia kukosa malighafi.

Hatari iliyopo sasa ni matumizi mapana mno ya neno hili. Kampuni ikisema ina biashara endelevu, msomaji aelewe nini? Kwamba kampuni haitafilisika, au kwamba bahari inakovuliwa samaki haitakauka samaki? Mambo hayo mawili yaweza kwenda pamoja, na yaweza kupingana kabisa: kampuni yaweza kudumu miaka mia kwa kuhama kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya kitaaluma neno endelevu lisiachwe peke yake. Mwandishi ataje kinachoendelea: uendelevu wa msitu, uendelevu wa mapato, uendelevu wa ajira. Asipoweza kukitaja, basi huenda hana hoja.

3. MAZINGIRA MAWILI

Neno mazingira, kutokana na zingira, ni yale yanayomzunguka mtu au kitu. Nalo limegawanyika. Katika hotuba za viongozi na katika magazeti, kuboresha mazingira ya biashara kuna maana ya kupunguza utitiri wa kodi, kurahisisha leseni na kuondoa usumbufu kwa wawekezaji. Katika sheria ya mwaka 2004, mazingira ni ardhi, maji, hewa, mimea, wanyama na mahusiano yao.

Mwanafunzi wa shahada tunayoizungumzia atakutana na maana zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja. Yawezekana kabisa mazingira ya biashara yakaboreshwa kwa kuyaharibu mazingira, mathalani kwa kumwondolea mwekezaji wajibu wa kusafisha maji machafu. Twaona afadhali neno mazingira, likisimama peke yake, libakie na maana ya kisheria. Na maana ile nyingine itajwe kwa maneno hali ya biashara au masharti ya biashara, kadiri panapohusika.

Hapohapo yafaa tutofautishe athari na madhara. Madhara daima ni mabaya. Athari ni matokeo ya jambo juu ya jambo jingine, yawe mema au mabaya. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huchukulia athari kuwa ni ubaya tu, na kwa hiyo wanakijiji wakiitwa kujadili tathmini ya athari huja wakiwa tayari wameamini kuwa mradi ni hatari; au mwenye mradi, kwa kuogopa neno, huita kazi hiyo kwa jina lingine lisiloeleweka. Anayeongoza mkutano aeleze tofauti hii mwanzoni kabisa.

4. RASILIMALI, MALIASILI NA MTAJI

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Rasilimali ni neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa cha mali, yaani fedha au mali ya kuanzia biashara, ambayo faida huzaliwa kutokana nayo. Mtaji umeshika maana hiyohiyo katika biashara za kila siku. Leo rasilimali imepanuka, ikawa ni kila kitu kiwezacho kutumika: rasilimali watu, rasilimali fedha, rasilimali za maji. Maliasili ni mali iliyowekwa na maumbile bila kazi ya binadamu: misitu, samaki, wanyamapori, madini.

Upanuzi wa rasilimali umetupotezea jambo la maana. Maana ya kwanza ilikuwa na onyo ndani yake: kichwa cha mali hakiliwi. Mwuza samaki sokoni anajua wazi kwamba akila mtaji, kesho hana cha kununulia. Maana ya sasa haina onyo hilo. Rasilimali imekuwa ni kitu cha kutumia tu. Twapendekeza mtaji asilia litumike kwa maliasili inayozaa mazao mwaka hadi mwaka, ili mwanafunzi wa uhasibu atambue papo hapo kwamba kanuni ileile ya dukani yahusika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina msitu wa asili wenye miti 10,000 iliyofikia kimo cha kuvunwa, na kila mwaka miti mingine 500 hufikia kimo hicho. Kampuni yapewa kibali, yavuna miti 800 na kuuza mbao za kila mti kwa shilingi 50,000. Mapato ya kampuni ni shilingi 40,000,000. Gharama zake zote, pamoja na ushuru wa shilingi 3,000,000 uliolipwa kijijini, ni shilingi 22,000,000. Faida ni shilingi 18,000,000. Mhasibu ameandika sawasawa, na mkaguzi hana la kulalamikia.

Sasa tutazame daftari la kijiji. Mtunza hazina atasoma mapato ya shilingi 3,000,000, na mkutano utapiga makofi. Lakini msitu umepungua miti 300. Ikiwa mti uliosimama una thamani ya shilingi 30,000, kijiji kimepungukiwa shilingi 9,000,000. Kwa kweli mwaka huo kijiji kimepata hasara ya shilingi 6,000,000, wala hapana mstari wowote wa daftari ulioionyesha. Fedha hizo hazikupotea hewani; zimo katika faida ya kampuni na katika bei nafuu ya ubao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo, ila mali yenyewe haikuandikwa ndani yake.

Msomaji asidhani kwamba uhasibu haujaliona jambo hili. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 41, ihusuyo kilimo, humtaka mwenye shamba la miti aithamini miti yake ingali hai. Lakini uvunaji wa msitu wa asili usiosimamiwa, pamoja na uvuvi wa baharini, haumo katika kanuni hiyo. Kwa uchakavu wa mashine tuna istilahi na tuna safu ya daftari. Kwa upungufu wa msitu au wa samaki tunahitaji vyote viwili. Neno uchakavu halifai hapa, kwani msitu hauchakai kama mashine, huliwa. Tungesema ulaji wa mtaji asilia.

5. GHARAMA INAYOBEBWA NA MWINGINE

Mwaka 1920 mchumi wa Uingereza, Arthur Cecil Pigou, alieleza jinsi kazi ya mtu mmoja iwezavyo kuwaletea wengine hasara ambayo yeye hailipi. Mmojawapo wa mifano yake ni cheche za magari moshi zilizounguza misitu iliyokuwa kando ya reli. Shirika la reli lilihesabu makaa na mishahara. Misitu iliyoungua haikuwa katika hesabu zake. Pigou alishauri serikali itoze kodi ili gharama hiyo imrudie aliyeisababisha.

Dhana hii ni ya lazima katika taaluma yetu, lakini jina lake limekuwa likitafsiriwa neno kwa neno kuwa gharama za nje. Tafsiri hiyo haifai hata kidogo. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia za nje hufikiri nchi za nje: gharama za kuagiza bidhaa, ushuru wa forodha, fedha za kigeni. Mwanakijiji ambaye mto wake umechafuliwa na kiwanda cha ngozi hataitambua shida yake katika maneno hayo.

Twapendekeza gharama twishwa. Kumtwisha mtu mzigo ni kumwekea kichwani mzigo usio wake, na ndiyo maana yenyewe. Umbo la kivumishi lenye shina la kitendwa si geni; tunalo tayari katika lugha lengwa na kundi lengwa. Kadhalika twaweza kusema mtwishaji, yaani anayezalisha gharama hiyo, na mtwishwa, yaani anayeibeba. Methali yetu husema mchuma janga hula na wa kwao. Methali imesema kweli, ila biashara za leo zimeongeza jambo moja: mchumaji aweza kuishi mbali sana, na wakabaki wa kwao peke yao kula janga hilo.

6. MSTARI WA MWISHO WA HESABU

Mwaka 1994 Mwingereza John Elkington alibuni istilahi iliyoenea upesi katika shule za biashara. Alitaka kampuni isipime mafanikio yake kwa mstari wa mwisho wa hesabu peke yake, ambapo huandikwa faida au hasara ya fedha, bali iwe na mistari mitatu: wa fedha, wa jamii na wa mazingira. Kuitafsiri istilahi hiyo kuwa mistari mitatu ya chini ni kumpa msomaji kitendawili. Katika Kiswahili mstari wa chini haujawahi kuwa na maana ya faida. Hesabu ya pande tatu yatosha, na inaeleweka.

Hata hivyo ni haki tuongeze kwamba mwaka 2018 Elkington mwenyewe aliandika kuwa yafaa istilahi yake ifikiriwe upya. Yeye alikusudia kuwachochea wafanyabiashara waufikirie upya mfumo mzima; wengi wao waliichukua kama namna tu ya kuandika ripoti, huku upande wa fedha ukiendelea kutawala. Hapa pana fundisho kwetu sisi waunda istilahi. Neno zuri laweza kuwa pazia. Kampuni yaweza kujifunza msamiati wote wa uendelevu na isibadili chochote kiwandani. Ndiyo sababu kila istilahi ya taaluma hii iwe na kipimo nyuma yake: miti mingapi, lita ngapi za maji, tani ngapi za gesijoto.

7. JINA LA SHAHADA

Lililobaki ni jina la shahada yenyewe. Kutokana na mifano miwili ya mwanzo, twaona kuna mambo mawili yanayohitaji majina mawili. Mwanafunzi wa Michigan hupata shahada mbili. Masomo yake tuyaite shahada pacha. Pacha ni wawili, kila mmoja na jina lake, ingawa wamelelewa pamoja. Mwanafunzi wa Lüneburg hupata shahada moja iliyochanganya taaluma; hiyo tuiite shahada mseto, kwa mfano wa kilimo cha mseto, ambapo mahindi na maharage hukua katika shamba moja na kila zao hulifaa jingine. Shahada ya pamoja lisitumike kwa lolote kati ya haya, kwa kuwa laweza kudhaniwa kuwa ni shahada inayotolewa na vyuo viwili kwa ushirikiano.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba matatizo ya istilahi katika taaluma hii si ya mapambo. Mwanafunzi anayefunzwa mtaji katika chumba kimoja na msitu katika chumba kingine, bila neno linaloviunganisha, atahitimu akiwa watu wawili ndani ya joho moja. Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

Uendelevu: sifa ya kudumu bila kukoma, litumike pamoja na jina la kinachodumu.

Mazingira: ardhi, maji, hewa na viumbe, pamoja na mahusiano yao; lisitumike kwa masharti ya biashara.

Athari: matokeo, mema au mabaya, madhara ni mabaya tu.

Mtaji asilia: maliasili inayozaa mazao mwaka hadi mwaka.

Ulaji wa mtaji asilia: uvunaji unaozidi kiasi kinachokua.

Gharama twishwa: gharama ya shughuli ya mtu inayobebwa na mwingine bila fidia.

Hesabu ya pande tatu: kupima shughuli kwa fedha, jamii na mazingira.

Shahada pacha; shahada mseto: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya saba.

Wahasibu, mabwana misitu, walimu na watunza hazina wa vijiji ndio watakaoyapima maneno haya kazini. Palipo na neno linalotumika tayari katika eneo fulani, likiwa fupi na bayana kuliko tulilolipendekeza, basi hilo lipewe nafasi, na hili letu liachwe.